Nyumba ya Naftalini

Watu wa mtaa ule hawakuwa na haja ya kubisha hodi ili wajue kama Mzee Stoo yupo nyumbani. Walinusa. Upepo ukitoka upande wa nyumba yake, fundi viatu wa kona aliinua kichwa, akapiga chafya, akasema, "Mzee leo kafungua kabati." Na kweli, ungepita dirishani ungemkuta kasimama mbele ya kabati lake la milango mitatu, pakiti ya naftalini mkononi, anatia vile vidonge vyeupe mifukoni mwa makoti kimoja kimoja, kama babu anayegawa peremende.

Jina la Stoo alilipata kazini. Alitunza stoo ya sare na mablanketi kwa miaka thelathini na mitatu, akastaafu na cheti kilichosema kuwa alikuwa mwaminifu. Cheti alikitundika sebuleni, na nyuma ya fremu akakichomekea kidonge, kwa usalama wake. "Miaka thelathini na mitatu," alimwambia kila aliyeingia, hata kijana aliyekuja kusoma mita ya maji, "na hakuna nondo aliyeonja uzi mmoja wa stoo yangu."

"Hongera, mzee," mgeni alijibu, macho yakitafuta mlango.

Kustaafu hakukumpunguzia kazi, kulihamisha tu stoo ikaja nyumbani. Naftalini ilikaa kabatini kuzuia nondo, chooni kuua harufu, chini ya sinki kutisha mende, viatuni kwa ajili ya jasho, nyuma ya vitabu kwa ajili ya wadudu wanaokula karatasi, na kuuzunguka ukuta wa nje kwa ajili ya nyoka ambaye hakuna mtu aliyewahi kumwona. "Si mnaona?" mzee aliwaambia waliocheka. "Hamjamwona kwa sababu naftalini ipo." Mkewe, mama mtaratibu aliyeshona foronya za kuuza, alikwisha kuzoea kusuuza sahani mara mbili. Shuka nzuri, taulo nene, vitambaa vya meza, vikombe vya maua, vyote vilifungiwa vikisubiri siku ya wageni. Wageni walikuja, wakaenda, na kila mara mzee aliamua kuwa si hao.

Mgeni mwenyewe alifika Jumatatu moja saa nne asubuhi, akiwa na kilo tatu kasoro na umri wa siku tatu. Alikuwa mjukuu wa kwanza wa Mzee Stoo. Baba wa mtoto, mwana pekee wa nyumba ile, alikuwa dereva wa lori la masafa marefu na wakati huo alikuwa ng'ambo ya mpaka, amekwama na shehena. Mkewe, msusi mwenye kibanda chake karibu na soko, hakuwa na wa kumchotea hata maji ya kuoga kwenye chumba chao cha kupanga. Wakwe wakasema njoo, mwanangu, ukae nasi mpaka mume arudi.

Mama mkwe alimpokea mtoto, akamtazama usoni muda mrefu. Mzee hakutazama mtoto. Alikuwa anavuta kitu kutoka chini ya kitanda, kinapiga kelele sakafuni kama gari bovu. Lilikuwa sanduku la bati.

"Mjukuu wangu," alisema akipangusa jasho, "havai nguo za kuokoteza."

Akafungua kifuniko. Msusi alishinda kutwa na dawa za kulainisha nywele, kemikali ambazo wateja wengine walilia zikigusa tu kisogo, lakini harufu ile ilimrudisha nyuma hatua mbili. Machozi yakamtoka. Mzee akadhani ni ya furaha.

"Usilie, mwanangu. Fulana, nne. Kofia, mbili. Soksi, jozi tano. Nepi za kitambaa, dazeni. Mablanketi ya sufu, mawili." Alivitoa kimoja kimoja na kumwekea mikononi, kama anayemkabidhi askari mpya sare. Vidonge vilidondoka vikabingirika mpaka chini ya kiti. "Mume wako alivaa hivi hivi. Miaka ishirini na minane! Tafuta tundu. Tafuta! Hulioni."

"Ni nzuri sana, baba. Ahsante. Basi nizifue kwanza, nizianike juani, halafu..."

"Uzifue?" Mzee alimtazama kama mtu aliyeambiwa achome cheti chake. "Nguo safi unaifua ili iweje? Sabuni inakula uzi, jua linakula rangi. Tutakuwa tumemshinda nondo tushindwe na wewe?"

"Mwache azifue, mzee," mkewe alisema taratibu. "Harufu kali hiyo kwa mtoto mchanga."

"Mama, hii ni idara yangu."

Nyumba ile ilikuwa na idara nyingi, na zote zilikuwa na mkuu mmoja. Msusi ana siku tatu tangu ajifungue, mishono inamvuta, mume hayupo, na amelala kitanda cha wakwe; mtu wa namna hiyo habishani juu ya fulana. Akamvisha mtoto, akamfunga nepi, akamzungushia blanketi la sufu. Mtoto akapiga chafya.

"Afya hiyo," akasema Mzee Stoo.

*

Jumatano asubuhi msusi aliita kutoka chumbani, "Mama, hebu njoo umwangalie mtoto. Naona kama macho yamebadilika."

Mama mkwe akaja na mikono yenye povu. Aliinama, akamfunua mtoto kope kwa kidole kidogo. Aliponyooka alishika ubao wa kitanda, na hakuuachia.

"Ni njano, au ni mimi?" msusi aliuliza.

"Ni mapazia," alijibu Mzee Stoo kutoka mlangoni. Mapazia ya chumba kile yalikuwa ya njano kweli. "Mwanga ukipita kwenye kitu cha njano unatoka wa njano. Hiyo ni sayansi."

Mkewe akaenda akayavuta mapazia yote pembeni. Jua jeupe likaingia. Mtoto alibaki njano.

"Basi ni rangi ya ukoo," mzee akasema. "Babu yangu alikuwa mweupe mpaka watu wakimshangaa."

"Mweupe, baba, si njano."

"Mtoto ana baridi tu. Mwongezeeni blanketi la pili." Na kwa kuwa hakuna aliyesogea, alilifunua mwenyewe, akakung'uta kidonge kimoja kilichokuwa kimejificha kwenye mkunjo, akamfunika mjukuu wake mpaka kidevuni. Akatoka ameridhika. Tatizo lililetwa mbele yake, na yeye amelitatua.

Saa nane mchana msusi alibadilisha nepi, akakaa nayo mkononi. Mkojo ulikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Alimpa mtoto ziwa. Mtoto akaligusa kwa midomo, akalala. Akampapasa unyayo ili aamke. Hakuamka vizuri.

"Nampeleka hospitali," alisema, tayari ameshavaa ndala.

"Subiri kidogo," mzee akasema. "Mume wako akipiga simu jioni tutamweleza, kisha kesho asubuhi na mapema..."

"Mume wangu yuko kwenye usukani, baba. Mtoto yuko hapa."

"Sawa, lakini haraka haraka..."

"Mzee," mkewe alisema. Hakupaza sauti. "Toka mlangoni."

Katika miaka yote ya ndoa Mzee Stoo hakuwahi kuisikia sauti ile, na kabla hajaamua ataijibuje alijikuta ameshatoka mlangoni. Wanawake wawili wakapita na mtoto. Mzee akakumbuka kuwa mtu haendi ofisi ya serikali na fulana ya ndani. Alikimbilia kabatini, akavaa suti yake ya bluu, akawafuata barabarani akifunga vifungo, vidonge vikigongana mfukoni.

*

Hospitalini palijaa. Mabenchi yote yalikaliwa, na waliokosa walichuchumaa ukutani. Lakini mara tu Mzee Stoo alipokaa kwenye ncha ya benchi, watu wakaanza kupungua. Mama mmoja alihamia dirishani. Kijana mwenye mguu wa plasta alirukaruka kwa mguu mmoja mpaka benchi la tatu. Mzee akajinyoosha suti. Bado kuna vijana wanaomheshimu mtu mzima aliyevaa vizuri, aliwaza.

"Samahani, choo kiko hapa karibu?" aliuliza bibi mmoja aliyeketi nyuma.

"Kiko kule mwisho, bibi," mtu akamjibu.

"Ajabu. Nasikia harufu kama ya choo cha stendi."

Watu wakacheka na viganja midomoni. Mzee Stoo naye akageuka huku na huku kumtafuta huyo anayenuka.

Muuguzi alipita akipanga foleni. Alimwona msusi, akafunua blanketi, akarudisha kichwa nyuma. "Nani kamfungia mtoto kabatini?" aliuliza. Kisha akamtazama mtoto sawasawa, na mzaha ukamwisha usoni. "Mama, nifuate. Sasa hivi. Foleni mtanisamehe."

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye raba miguuni. Mzee Stoo alitegemea mtu mwenye mvi. Daktari alimgusa mtoto kifuani, akabonyeza ngozi, akaitazama ile nepi, akauliza maswali mafupi. Halafu akanusa kofia.

"Nguo hizi zilihifadhiwa na nini?"

Msusi alifumbua mdomo, lakini mzee alikwisha kusimama. Swali hilo lilikuwa lake. Miaka mingi alikuwa akilisubiri liulizwe na mtu msomi.

"Naftalini, daktari. Mimi ni mtunza stoo mstaafu. Watu wengi wanaitumia ovyo, lakini ina utaratibu wake. Kwenye sufu unaweka vidonge viwili kila mkunjo. Kwenye pamba, kimoja. Sanduku likae limefungwa, hewa isitoke. Kila mwaka unaongeza."

Daktari alikuwa anaandika. Mzee akapata nguvu. Akaeleza habari ya viatu, akaeleza ya sinki, akaeleza ya choo, akaeleza kwa nini vitabu vyake havina mdudu. Hakuna mtu aliyewahi kumsikiliza kwa kirefu namna ile bila kutazama mlango. Akamalizia na nyoka.

"Nguo zilifuliwa kabla mtoto hajavaa?"

"Hapana. Nilikataza."

"Chumbani anapolala, ipo?"

"Kila pembe."

"Umemaliza, mzee?"

"Kwa muhtasari."

Daktari akageuka kwa muuguzi. "Mvue kila kitu. Mwogeshe, mfunge kwa shuka ya wodi. Damu ipimwe haraka, na andaa taa." Kisha akamgeukia msusi, si mzee. "Mama, sikiliza. Kuna watoto damu yao ina upungufu fulani tangu kuzaliwa. Wanakua vizuri tu, mpaka wakutane na kitu kinachoivunja. Naftalini ni kitu kimojawapo. Inaingia kwa pumzi, inaingia kwa ngozi. Nadhani ndicho kinachotokea. Vipimo vitatuambia, lakini hatusubiri vipimo kuanza."

Mzee Stoo alitafuta pa kushika.

"Huo upungufu," aliuliza, "unatoka wapi?"

"Mtoto wa kiume huurithi kwa mama yake."

Mabega ya mzee yakapanda tena. "Ahaa! Kumbe ni wa kwao!"

"Damu ni ya kwao, mzee," daktari alisema bila kuinua macho kwenye karatasi. "Sumu ni ya kwako."

Muuguzi alizitia fulana, kofia na mablanketi kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo mbili, akamkabidhi mzee. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, kwa sauti ya mtu anayejisemea mwenyewe. "Peleka nje, baba. Mbali na wodi."

Nje, mlinzi wa geti alimzuia kuweka mfuko kwenye ukuta. Akamzuia kuuweka chini ya mti. Mwisho alimwonyesha kwa kirungu nyuma ya jengo, kwenye mapipa ya taka. Mzee Stoo alikaa huko saa nzima na suti yake ya bluu, amekumbatia mfuko, kwa sababu hakuweza kuutupa na hakujua pengine pa kwenda nao.

*

Aliporudi, mtoto alikuwa chini ya taa ya bluu ya kutibu umanjano, amefungwa kitambaa machoni, damu ya mtu mwingine ikimdondokea tone kwa tone. Kwenye kioo cha mlango alionekana mdogo kuliko kofia aliyokuwa amevaa. Msusi alikaa kando amemshika kidole cha mguu. Mzee hakuthubutu kuingia.

Mkewe alikuwa amemsimamisha daktari kwenye ujia, mgongo wake ukiwa upande wa mzee.

"Mtoto wa hivi asipoletwa hospitali, anaweza kufa?"

"Anaweza, mama. Wengine hufa."

"Macho ya njano, mkojo mweusi. Siku ya kumi na moja."

Daktari alikunja daftari lake. "Mama, unamzungumzia mtoto gani?"

"Wangu. Wa kwanza."

Kabla ya dereva kulikuwa na mwingine, wa kiume, aliyeishi siku kumi na moja. Habari zake hazikuwahi kuzungumzwa katika nyumba ile, na dereva mwenyewe alizijua kwa kusikia sikia. Mzee Stoo wakati huo alikuwa kijana mwenye ajira mpya, na alileta kutoka kazini vidonge vya bure, akahifadhi nguo za mtoto miezi minne kabla hajazaliwa. Mtoto alipokufa, watu walitaka sababu. Dada yake Mzee Stoo, mkubwa wa ukoo, ndiye aliyeipata. Alimkamua yule mama mfiwa maziwa kwenye kijiko, akatumbukiza sisimizi. Sisimizi akafa, kama ambavyo angekufa kwenye kijiko cha maji. Basi ikajulikana kuwa maziwa yake ni sumu. Dada akaitangaza habari hiyo kwa mashoga zake, na mume hakuikanusha. Alikubali kwa kichwa, tena kwa huruma. Mtoto wa pili alipozaliwa walimfunga mama kifua kwa kanga mpaka maziwa yakakauka. Dereva alikuzwa kwa maziwa ya kopo, na kila aliponenepa dada alisema, "Si mnaona?"

"Sikumwona mtoto huyo, mama," daktari alisema polepole. "Siwezi kusema ni hiki. Inawezekana. Inawezekana pia kilikuwa kitu kingine kabisa."

"Na maziwa?"

"Maziwa ya mama?" Daktari alionekana kutoelewa swali. "Maziwa hayahusiki, mama. Maziwa ni maziwa."

"Ahsante, mwanangu. Nilitaka kujua hilo tu."

Alipogeuka alimwona mumewe. Akampita, akaingia kwa mtoto. Mzee Stoo akabaki anasoma bango la ukutani lililofundisha namna ya kunawa mikono. Alilisoma mara mbili, hatua zote saba.

*

Mtoto alipona. Ilichukua siku tisa, na siku ya kumi msusi alimbeba akiwa amevaa fulana mpya yenye picha ya bata, akampeleka kwenye chumba chao cha kupanga, ambako mdogo wake alikuja kumsaidia. Dereva alirudi safarini, akapiga simu.

"Baba, sitakugombeza," alisema. "Lakini mwanangu haingii kwenye nyumba hiyo mpaka hewa ya humo iwe hewa."

"Mwanangu, mimi nilikuwa nahifadhi..."

"Najua, baba. Anika."

Jumamosi waliamka kuanika. Mzee Stoo alipanga kutoa vitu kidogo kidogo kwa utaratibu, lakini mkewe hakusubiri utaratibu. Alifungua milango yote mitatu ya kabati kwa mpigo, akaanza kubeba kwa mikupuo. Kamba zilijaa, ua ulijaa, viti vikajaa, na hatimaye shuka zikatandazwa juu ya majani mpaka ukingo wa barabara. Mtaa mzima ukaja kutazama.

"Mzee, ni mnada?" aliuliza mama mmoja mwenye beseni, akiipima taulo uzito.

"Si mnada."

"Hii unauzaje?"

"Siuzi!"

"Au mnahama?"

Fundi viatu aliacha kazi yake, akaja na sindano bado mdomoni. Alikizunguka kikombe cha maua kama mtu anayekagua kaburi la mfalme. "Kumbe mzee una mali hivi! Miaka yote nakuja hapa unaninywesha chai kwenye kikombe cha plastiki kilichopasuka mkono."

"Hivyo ni vya wageni."

"Na mimi ni nani? Mende?"

Watu wakaangua kicheko, na mke wa mzee alicheka pamoja nao. Akamwosha fundi kikombe kimoja pale pale, akakijaza chai, akampa. Mzee alikitazama kikombe kikienda mdomoni, midomo yake mwenyewe ikicheza.

Kisha walifunua blanketi kubwa la harusi, lile zito la rangi ya zabibu ambalo halikuwahi kulaliwa hata usiku mmoja. Mkewe alishika upande huu, yeye upande ule, wakalikung'uta mara moja. Likachanika kwenye mikunjo yote kwa wakati mmoja, likawa vipande sita, na vumbi lake likapaa. Hakukuwa na tundu hata moja la nondo. Lilikuwa limejilia lenyewe.

Mzee Stoo alikusanya vidonge kwenye ndoo mpaka jua likawa kichwani. Watazamaji walipotawanyika, alikaa kwenye ngazi. Mkewe alikuwa anakunja taulo, moja ameshaitundika bafuni itumike.

"Mama."

"Naam."

"Kuna kumbukumbu moja ya zamani, ambayo, kutokana na taarifa mpya zilizopatikana, naona inafaa ifanyiwe marekebisho."

"Sema kama mtu."

Mzee alitazama viatu vyake. "Yale maziwa yako."

"Yalifanya nini?"

"Hayakufanya kitu."

Mkewe alimaliza kukunja taulo, akaiweka juu ya nyingine, akazilinganisha pembe. Mzee akajitetea. "Ingawa hakuna anayejua kwa hakika. Daktari mwenyewe kasema inawezekana ni kitu kingine."

"Kweli. Hata wakati ule hakuna aliyejua, na mlisema."

"Ndiyo maana nakwambia leo."

"Mimi unaniambia ya nini? Mimi nilikuwa sina pengine pa kwenda, ndiyo maana niliwasikiliza. Lakini sikuwaamini siku zote. Siku nyingine niliwaamini." Akachukua taulo nyingine. "Kamwambie dada yako. Ndiye aliyewaambia watu."

"Dada ni mtu mzima sana sasa. Anakaribia themanini."

"Ndiyo. Basi wahi."

*

Dada mtu aliishi mitaa mitatu kutoka pale. Walimkuta barazani na ungo wa maharage mapajani, anachambua mawe, huku majirani wawili wakisukana kwenye mkeka. Mzee Stoo alitangulia. Mkewe alibaki nyuma, kwenye geti.

Alimwamkia dada yake, akaulizwa habari za mjukuu, akasema ni mzima. Akavuta kigoda karibu, akainama kwenye sikio lake, akasema kwa sauti ya mtu anayekiri mbele ya kaburi, "Dada, nimekuja kwa habari ya yale maziwa."

"Nini?"

"Maziwa, dada. Ya mke wangu."

"Sinywi maziwa siku hizi," alisema dada kwa sauti kubwa ya watu wasiosikia. "Yananijaza tumbo gesi."

Wale waliokuwa wakisukana wakainua vichwa. Mzee alitazama kushoto, akatazama kulia, akaongeza sauti kidogo. "Nasema yule mtoto wetu wa kwanza. Hakufa kwa maziwa."

"Mtoto gani kafa?"

"WA KWANZA! Wa siku kumi na moja!"

Mlango wa nyumba ya jirani ukafunguka. Mtu aliyekuwa akifyatua matofali ng'ambo ya barabara akaweka chombo chini. Dada mtu aliacha maharage.

"Huyo si tulishasema? Alikufa kwa maziwa ya mama yake."

"HAPANA, DADA! MAZIWA HAYAKUWA NA KITU!"

"Alikufa kwa nini sasa?"

Mzee Stoo alilegeza kola. Jasho lilimtiririka ndani ya shati. Watu walikuwa wamesimama madirishani, na hakuna hata mmoja aliyejitia anafanya jambo lingine.

"HUENDA NI NAFTALINI!"

"Nani huyo?"

"NAFTALINI! DAWA YA NONDO! NILIIWEKA MIMI KWENYE NGUO ZAKE! MIMI, DADA!"

Mkono wa dada mtu ulikwenda kwenye ungo, ukarudi bila kushika harage. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imepungua nusu.

"Na yule sisimizi?"

"ALIZAMA, DADA," mzee alisema, akilia sasa waziwazi, mbele ya wale majirani na mfyatua matofali. "ALIZAMA TU."

Hakuna aliyecheka. Bibi kizee aliusogeza ungo pembeni, akajipangusa vidole kwa upindo wa nguo, akatazama getini, ambako mke wa mzee alisimama amekunja mikono kifuani.

"Wifi," aliita. "Umesikia anayoyasema huyu?"

"Mimi nimesikia, wifi," alijibu mama yule. Alinyoosha kidole upande wa juu wa barabara, ambako wanawake watatu wa makamo walikuwa wanakuja na ndoo za maji vichwani, wanaongea. "Lakini mashoga zako wale ndio wanafika sasa. Hawakusikia."

Akamgeukia mumewe.

"Rudia."

Mzee Stoo alisubiri wanawake wafike, akajifuta uso kwa mkono wa suti, akavuta pumzi, akarudia.